Majitaka ya Moshi Yanaishia kwa Nani?

Mji wa pwani unaoshindwa kusafisha majitaka yake huyasukumia baharini. Ni kosa, na wavuvi wa Dar es Salaam na Mombasa wanalijua vizuri, lakini bahari ni pana na madhara yake huchelewa kuonekana. Mji wa bara hauna nafasi hiyo. Kila lita inayotoka kwenye sinki, bafu na choo itateremka hadi imkute mtu mwingine: mkulima, mfugaji, mvuvi, au mama anayechota maji mtoni. Moshi inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko miji mingi. Mji umekaa kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na wakazi wake walikuwa zaidi ya 184,000 katika sensa ya 2012 na zaidi ya 220,000 katika sensa ya 2022. Sehemu ya maji yake safi hutoka kwenye chemchemi za Nsere na Shiri. Yakishatumika, maji ya nyumba zilizounganishwa na mtandao hushuka kwa mteremko hadi Mabogini, kusini mwa mji, yalipo mabwawa ya kusafishia majitaka. Chini ya mabwawa hayo kuna majaruba ya mpunga. Mbele zaidi, maji ya bonde hilo yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, ambamo watu huvua samaki na ambalo maji yake huzungusha mitambo ya umeme, kisha yanaufuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

Tumezoea kupima maendeleo ya huduma hii kwa kilomita za mabomba zilizolazwa, idadi ya wateja waliounganishwa, na ujazo wa mtambo siku ya uzinduzi. Vipimo hivyo vina maana, ila vyote vinamtazama mtu anayetoa majitaka. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba mtambo wa mji wa bara upimwe kwanza mwishoni, pale maji yanapotoka, kwa kumtazama mtu anayeyapokea. Moshi ina sababu ya ziada ya kufanya hivyo. Kata ya Mabogini haiko ndani ya manispaa. Iko kwenye Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Wanaovuta maji ya choo na wanaosimama kwenye maji yaliyotoka mabwawani wana madiwani tofauti, vikao tofauti na bajeti tofauti. Mji unaweza kusifiwa kwa usafi, na Moshi imesifiwa kwa usafi mara nyingi na kwa haki, bila mtu yeyote kwenye sherehe hizo kuulizwa nini kilitoka kwenye bomba la mwisho wiki hiyo.

Tuanze na kilichomo ndani ya bomba. Wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa majitaka. Chukua watu 10,000, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku. Bomba litabeba lita 800,000, yaani mita za ujazo 800, kila siku ya Mungu. Zaidi ya asilimia 99 ya mzigo huo ni maji matupu, na uchafu wenyewe ni kama gramu moja tu kwa lita. Kazi yote ni ya hiyo gramu moja. Sehemu yake ni chakula cha bakteria: kinyesi, sabuni, mafuta ya kupikia, makombo ya chakula. Majitaka mabichi yakifika mtoni, bakteria hukivamia chakula hicho na kumaliza oksijeni iliyoyeyuka majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana wataalamu huupima uchafu kwa kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakitumia kuula kwa siku 5. Ikiwa kila mtu anachangia uchafu unaohitaji gramu 40 za oksijeni kwa siku, lita moja ya majitaka ya watu wetu 10,000 itahitaji miligramu 500. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kutiririshwa Tanzania ni miligramu 30.

Sehemu nyingine ya gramu hiyo haionekani kabisa kwenye kipimo cha oksijeni, nayo ndiyo inayomhusu zaidi mkulima. Ni vimelea: mayai ya minyoo, amiba, bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo, virusi vya kuharisha. Mililita 100 za majitaka mabichi, chini ya nusu glasi, zinaweza kuwa na bakteria wa kinyesi milioni 10 au zaidi. Mnyoo jike mmoja wa tumboni, wa aina ya askaris, hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na kila yai limefunikwa na ganda gumu linalolilinda lisiharibike upesi. Maji yanaweza kuwa meupe, yasinuke, yakafaulu kipimo cha oksijeni, na bado yakabeba vimelea vya kutosha kukiuguza kijiji. Mtambo unaojisifu kwa kipimo kimoja tu unatuambia nusu ya habari.

Mabwawa ya aina ya yale ya Mabogini huifanya kazi hii kwa jua, muda na viumbe hai. Kwanza maji hupita kwenye wavu wa nondo unaozuia matambara, mifuko, pedi na vyote visivyopaswa kutupwa chooni, kisha mchanga huachwa utuame. Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5 na halina oksijeni. Humo uchafu mzito huzama na kuwa tope, bakteria wasiohitaji hewa hulila taratibu, gesi hupanda kwa mapovu, na juu ya maji hujengeka utando mzito wa kijivu. Kwa joto la nchi zetu, siku chache za kukaa humo huondoa zaidi ya nusu ya uchafu unaopimwa kwa oksijeni. Bwawa la pili ni pana, lina kina cha kama mita moja na nusu, na rangi yake ni ya kijani kibichi kwa sababu ya mwani, vimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni; bakteria huitumia kula uchafu uliobaki na kutoa kaboni dioksaidi, ambayo mwani huichukua tena. Mabadilishano hayo huendelea mchana kutwa, na hayana bili ya umeme.

Mabwawa ya mwisho yana kina kifupi, kama mita moja, na kazi yake kubwa ni kuua vimelea. Kinachotokea humo adhuhuri kinastahili kutazamwa kwa karibu. Jua likiwa kali, mwani hunyonya kaboni dioksaidi haraka kuliko bakteria wanavyoirudisha. Maji hubadilika, yanazidi kuwa na ukali kama wa magadi, hadi kipimo cha pH hupita 9. Ukali huo, mwanga mkali na wingi wa oksijeni vikikutana, bakteria wa kinyesi hufa maelfu kwa maelfu. Usiku mwani hauna jua, oksijeni hushuka, pH hurudi chini, na asubuhi kazi huanza upya. Mayai ya minyoo hayafi kirahisi namna hiyo, ila ni mazito kuliko maji, na yakipewa siku za kutosha huzama na kubaki kwenye tope. Kila hatua hapa inategemea siku. Tone la maji linatakiwa likae mabwawani wiki mbili, tatu au zaidi kabla ya kutoka. Likitoka baada ya siku nne halijasafishwa, hata kama bwawa linaonekana la kijani na tulivu, na hata kama ubao getini umeandikwa kwamba huu ni mtambo wa kusafisha majitaka.

Hapo ndipo husikika pingamizi la kwanza, tena mara nyingi kutoka kwa viongozi wenye nia njema: mabwawa ni teknolojia ya zamani, mji unaokua unahitaji mtambo wa kisasa wenye mashine za kupuliza hewa. Mashine hizo ni nzuri mahali pake. Kwenye jiji lisilo na ardhi, au nchi ya baridi, ndizo jibu. Kwa mji mdogo wa bara wenye jua la mwaka mzima, hesabu inaelekea upande mwingine. Mitambo ya kupuliza hewa hutumia takriban uniti 0.3 hadi 0.6 za umeme kwa kila mita ya ujazo, na sehemu kubwa ya umeme huo huenda kwenye hewa tu. Umeme ukikatika, bakteria wanaotegemea hewa hiyo huanza kufa ndani ya saa chache. Vipuri hutoka nje ya nchi, na fundi wake si wa kumpata kila mtaa. Juu ya hayo, mashine hizo zilibuniwa hasa kuondoa uchafu wa oksijeni. Zikiondoa asilimia 99 ya bakteria wa kinyesi, mtu atapiga makofi. Lakini asilimia 1 ya milioni 10 ni 100,000, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka bakteria wasizidi 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi. Kuzifikisha mashine kwenye kiwango hicho kunahitaji hatua nyingine ya klorini au taa maalumu. Mabwawa yaliyosanifiwa vizuri na kutunzwa vizuri hukifikia kwa jua peke yake. Ukipima kwa macho ya anayepokea, teknolojia ya zamani inaishinda mpya.

Pingamizi zito zaidi ni ardhi. Mfumo kamili wa mabwawa kwenye nchi ya joto unahitaji mita za mraba kati ya 1 na 3 kwa kila mtu anayehudumiwa. Watu 100,000 wanahitaji hekta 10 hadi 30, yaani ekari 25 hadi 75 hivi, na hiyo si ardhi ya kuipata kesho asubuhi pembeni ya mji ambao kila kiwanja kina mnunuzi. Sikubaliani na wanaolipuuza jambo hili. Jibu lake ni kuitenga ardhi ya mabwawa ya miaka 30 ijayo wakati bado ni shamba, kuipima, kuipatia hati na kuweka mipaka inayoonekana, pamoja na eneo la wazi kuizunguka. Nairobi ilionyesha gharama ya kuchelewa. Mei 2020, katikati ya janga la Uviko, maelfu ya wakazi wa Kariobangi Kaskazini walibomolewa nyumba zao kwenye ardhi ambayo kampuni ya maji ya jiji ilidai ni ya mtambo wa majitaka. Bila kujali nani alikuwa na karatasi zenye nguvu zaidi, familia zilizolala nje usiku ule zilibeba mzigo wa miaka mingi ya mipaka isiyolindwa. Moshi na miji ya ukubwa wake bado ina nafasi ya kufanya tofauti, ingawa inapungua kila mwaka.

Ardhi ikipatikana, adui anayebaki ni tope. Naona hapa ndipo mabwawa mengi ya Afrika Mashariki yanapoharibikia, na kwa kuwa huharibika polepole, hakuna anayetangaza siku yalipokufa. Makadirio ya kawaida ni kwamba kila mtu huchangia kama lita 40 za tope kwenye bwawa la kwanza kwa mwaka. Wale watu wetu 10,000 watajaza mita za ujazo 400 kila mwaka, mzigo wa safari 50 za lori la mita za ujazo 8. Bwawa lililosanifiwa kushikilia maji siku 3, likijaa tope hadi nusu, linayashikilia siku moja na nusu. Hali halisi ni mbaya zaidi ya hesabu hiyo, kwa sababu tope halikai sawasawa. Hujikusanya kwa marundo, na maji hukata njia katikati yake kama mfereji na kutoka upande wa pili baada ya saa chache. Baadaye tope lenyewe linaanza kusafiri, linajaza bwawa la pili, maji yanakuwa mazito na mwani unakosa mwanga. Wakati wote huo, ofisini hakuna kinachoonekana kuwa na kasoro. Maji yanaingia, maji yanatoka, bili zinalipwa. Wa kwanza kujua ni mkulima, anayeona maji ya mfereji yamebadilika rangi na harufu.

Kuliondoa si sayansi ya ajabu. Bwawa moja hufungwa, maji yake hupitishwa kwenye jingine, tope huachwa likauke kwa jua kwa wiki kadhaa, kisha huzolewa. Likizolewa halifai kumwagwa shambani siku hiyohiyo, kwa kuwa mayai ya minyoo yaliyozama yamo humo, na yanaweza kubaki hai mwaka mmoja au zaidi. Linatakiwa kurundikwa mahali pakavu hadi yafe. Ugumu wake ni wa kibajeti. Kazi hii huja mara moja katika miaka kadhaa, tena kwa gharama kubwa ya mkupuo, na kila mwaka kuna jambo linaloonekana la haraka zaidi: bomba lililopasuka, pampu iliyoungua, mtaa unaolilia maji safi. Ndiyo maana mamlaka ya maji ingefaa kutenga fedha ya tope kila mwaka kwenye akaunti yake, na EWURA, inayoidhinisha bei za maji na majitaka, ingefaa kudai kuiona fedha hiyo kabla ya kupitisha bei mpya. Mteja anayelipia majitaka analipia pia siku ya kuzoa tope, hata kama siku hiyo haijafika.

Mpaka hapa nimezungumzia nyumba zilizounganishwa na bomba. Hata Moshi, ambayo mtandao wake ni mpana ukilinganisha na miji mingi ya Tanzania, sehemu kubwa ya nyumba bado inategemea vyoo vya shimo na makaro. Kinyesi cha nyumba hizo nacho hushuka kwa namna tatu: kwa kupenya ardhini, kwa gari la kunyonya majitaka, au kwa kutapisha, yaani kulitoboa shimo wakati wa mvua kubwa ili maji ya barabarani yabebe kilichomo. Kutapisha ni kosa kisheria, na ni hatari kwa jirani wa chini, lakini mwenye nyumba anayeishi kwenye kichochoro kisichopitisha gari, au asiye na fedha za kulilipia, hatabadilishwa na tangazo la faini. Gari lenyewe lina tatizo lake. Tope la chooni ni zito mara nyingi kuliko majitaka ya bomba, na gari moja la mita za ujazo 10 linaweza kubeba mzigo sawa na wa mamia ya watu kwa siku. Likitoka kwenye choo cha umma, hata zaidi ya watu elfu. Likimwagwa moja kwa moja kwenye bwawa la kwanza, hulijaza haraka, na amonia yake huweza kuudhuru mwani wa mabwawa yanayofuata. Kwa hiyo magari yanahitaji vitanda vyake vya kukaushia tope, vya changarawe na mchanga, ili maji yachujike na kuingia mabwawani yakiwa mepesi, na kile kigumu kibaki juu. Nakuru, nchini Kenya, wamekwenda hatua moja zaidi: chini ya kampuni ya maji ya mji huo, tope la chooni hukaushwa, huchomwa likawa makaa, huchanganywa na makaa ya vumbi la mbao, na huuzwa kama makaa ya kupikia kwa jina la makaa.com. Biashara hiyo haiwezi kugharimia usafi wa mji mzima, na isiuzwe kwa ahadi hiyo. Faida yake ni kwamba inalipatia tope mahali pa kwenda.

Sasa turudi kwa anayepokea. Mpunga ni zao la maji mengi, na eneo la Mabogini lina historia yake: skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa ushirikiano na Japani katika miaka ya 1980, ilileta kilimo cha kisasa cha mpunga, kisha baada ya muda maji yake hayakutosha kwa sababu mashamba ya mpunga yaliongezeka pia upande wa juu. Mahali kama hapo, mfereji unaotoka mabwawani na kutiririka masika na kiangazi una thamani kubwa, na haishangazi kwamba wakulima wanautumia. Wengine husema dawa ni kupiga marufuku. Serikali ifunge mfereji, iweke askari, watu wasilime kwa majitaka. Naelewa hofu hiyo, hasa kwa mboga za majani na nyanya za kachumbari zinazoliwa bila kupikwa. Lakini marufuku hayazuii maji kushuka. Huyapeleka kwenye kijito ambacho mkulima yuleyule, au mwingine wa mbele yake, atayachota bila kujua ni maji gani. Anayelima kwa siri hawezi kudai kupimiwa maji, wala kuambiwa avae mabuti.

Shirika la Afya Duniani lenyewe lilibadili msimamo wake kwa kufuata ukweli huo. Mwongozo wa 1989 uliweka namba za ubora wa maji: bakteria 1,000 kwa mililita 100 kwa mazao yanayoliwa mabichi, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Ule wa 2006 uliruhusu kinga zigawanywe njiani: sehemu mtamboni, sehemu shambani, sehemu sokoni na jikoni. Mpunga unafaa kwa utaratibu huo, kwa kuwa hukobolewa na wali hupikwa; mlaji hana hofu kubwa. Aliye hatarini ni mkulima mwenyewe, anayesimama peku ndani ya jaruba saa nyingi akipandikiza miche, na watoto wanaocheza kwenye mfereji. Kwa hao, kinachohesabika ni mayai ya minyoo na, kwenye maji yenye konokono, kichocho. Mabuti, dawa za minyoo kwa ratiba, na kusitisha umwagiliaji siku kadhaa kabla ya kuvuna mboga ni mambo madogo kwa bei, makubwa kwa afya, na yote yanahitaji mkulima anayetambulika rasmi kwamba anatumia maji haya.

Kuna pia suala la rutuba, ambalo wapenda matumizi ya majitaka hulisifia bila kulipima. Maji yaliyotoka mabwawani bado yana naitrojeni, na mpunga unaipenda. Hebu tuhesabu. Kama kila lita ina miligramu 20, na hekta moja ya mpunga ikapokea mita za ujazo 10,000 kwa msimu, jaruba hilo litapata kilo 200 za naitrojeni, karibu na mifuko 9 ya yurea ya kilo 50. Sehemu itapotea hewani, na bado kinachobaki ni kingi. Mkulima ataokoa fedha za mbolea, hilo ni kweli. Asipoambiwa, akaongeza yurea yake ya kila msimu juu ya hiyo, mpunga utarefuka, utajaa majani, utachelewa kukomaa na kulala chini upepo ukivuma. Namba ile ya naitrojeni, inayopimwa maabara kwa ajili ya ripoti ya mazingira, ingemfaa bwana shamba wa Mabogini kuliko mtu mwingine yeyote.

Watakaokaa jirani na mabwawa watauliza kuhusu harufu na mbu, na wana haki. Bwawa la kwanza lisilozidiwa hunuka kidogo tu. Likinuka hadi nyumbani kwa watu, kwa kawaida linaeleza kwamba limelemewa au limejaa tope, na malalamiko ya harufu yachukuliwe kama taarifa ya kiufundi. Mbu huzaliana pembezoni penye nyasi, kwa hiyo kingo za zege na kufyeka nyasi huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Tukumbuke pia kwamba mbu wengi wa mijini hutoka kwenye vyoo na makaro yenyewe. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe za plastiki ya povu zikafunika maji ya vyoo vya shimo. Mbu walipungua sana na, kwa msaada wa dawa walizopewa wakazi, maambukizi ya matende yakashuka. Kuhusu gesi ya methani inayopanda kutoka bwawa la kwanza, pingamizi ni la kweli, ingawa mashimo ya vyoo nayo huitoa. Bwawa linaweza kufunikwa na gesi ikakusanywa, na mji unaopanga mabwawa mapya leo ufanye hesabu hiyo mapema.

Chombo cha kuunganisha watoaji na wapokeaji kipo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutiririsha majitaka, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina makao yake hapohapo Moshi. Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa kugawana maji ya mteremko: mifongo yao, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, imeendeshwa vizazi kwa vizazi kwa zamu, siku za kazi ya pamoja na adhabu kwa anayeziba njia. Mfereji wa Mabogini uendeshwe kwa mkataba wa namna hiyo kati ya mamlaka ya maji, bodi ya bonde na wakulima, chini ya halmashauri zote mbili. Kila mwezi yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji matokeo ya uchafu wa oksijeni, bakteria wa kinyesi, mayai ya minyoo na naitrojeni, pamoja na tarehe ambayo kina cha tope kilipimwa mara ya mwisho. Mayai ya minyoo yakizidi kiwango, mfereji ufungwe kwa muda na majaruba yapewe maji mengine hadi kasoro irekebishwe. Maji hayo mengine yatatoka mfereji gani, na zamu ya nani ipunguzwe, ni jambo la kukubaliana kabla ya mkataba kusainiwa, kwa kuwa wakulima hutegemea zaidi maji ya mabwawa katika mwezi uleule wa kiangazi ambao skimu nayo haina ya kutosha.